Pilipili Usiyoila Yakuwashiani? Historia ya Pilipili ya Chupa, Kutoka Visiwani Hadi Kasulu na Kibondo

 

Leo tunaingia jikoni kwa mlango wa historia. Tunazungumzia kitu kidogo ambacho kikikosekana mezani watu huulizana: pilipili. Sisemi ile mbichi ya kutupia mchuzini tu, nasema ile iliyotwangwa, ikatiwa chumvi, ikahifadhiwa kichupani ikae wiki na miezi. Imetoka wapi? Nani aliitengeneza mwanzo? Na kwa nini ya kwetu visiwani ina ukali wa ndimu, na ya wenzetu wa nyanda za juu za Kigoma, kule Kasulu na Kibondo, inaogelea ndani ya mafuta mekundu?

Wahenga walisema, pilipili usiyoila yakuwashiani? Maana yake jambo lisilokuhusu lisikushughulishe. Ni neno zuri la kumnyamazisha mbeya. Lakini kwa hii pilipili yenyewe naona halifai. Ile ya mwanamke wa Kasulu na ile ya bibi yako wa Makunduchi zina ukoo mmoja, na yanayoipata ile ya Kasulu yanatuhusu. Haya, twende taratibu.

Mgeni aliyemnyang'anya mwenyeji jina

Pilipili kali si mmea wa Afrika wala wa Asia. Kwao ni bara la Amerika, kuanzia Mexico hadi Bolivia na Brazil, ambako watu waliilima kwa maelfu ya miaka kabla ya sisi kuijua. Christopher Columbus alipovuka bahari mwaka 1492 alikuwa akitafuta njia ya kwenda India, na moja ya bidhaa alizozitamani ni pilipili manga. Hakuipata. Alikuta tunda jekundu linalowasha, akalipa jina lile lile la pilipili. Ndiyo maana mpaka leo lugha nyingi zinaita kwa jina moja mimea miwili isiyo na udugu wowote.

Kwetu mambo yalikwenda hivyo hivyo. Neno pilipili ni la zamani kuliko tunda lenyewe. Asili yake ni Kisanskriti, pippali, likapita kwa Waajemi na Waarabu, likafika pwani yetu pamoja na majahazi ya biashara. Wakati huo lilikuwa jina la zile punje nyeusi kutoka India. Kisha Wareno wakaja. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na katika miaka iliyofuata meli za Wareno ziliunganisha Brazil, Afrika, Goa na pwani yetu. Tunda la Amerika lilisafiri nazo.

Likaota kirahisi, likazaa sana, wala halikuhitaji fedha ya kununulia. Baada ya muda likachukua jina lote. Ile nyeusi ya zamani ikabidi ipewe jina la pili ili isichanganywe: pilipili manga, yaani ya Manga, ya Arabuni. Fikiri mgeni anayefika nyumbani akalala kitandani kwa mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayeambiwa ajitambulishe!

Hata hoho ina kisa chake. Kamusi za zamani za wamishionari zinaeleza pilipili hoho kuwa ni ile nyekundu inayowasha. Leo ukienda sokoni ukaomba hoho utapewa lile tunda kubwa tamu lisilowasha hata mtoto. Zile kali zimebaki na majina mengine: pilipili mbuzi yenye harufu yake nzuri, na pilipili kichaa, kadogo kama ncha ya kidole cha mtoto lakini kana moto wa tanuri.

Na hapa visiwani hatukuila tu, tuliiuza pia. Wafanyabiashara wa Uingereza walikuwa na jina maalumu, pilipili ya Zanzibar, kwa zile ndogo kali zilizokaushwa. Wafamasia walizitafuta kwa ajili ya dawa za kuchua maumivu ya viungo. Kwa hiyo tunapozungumza visiwa vya viungo, tusiitaje karafuu peke yake.

Kwetu ndimu, kwao mafuta

Pilipili mbichi haikai. Siku chache tu inasinyaa, inaota ukungu. Kila jamii iliyoipokea ilipaswa kujibu swali moja: tutaitunzaje? Na kila jamii ilijibu kwa kile kilichokuwapo karibu na mkono.

Pwani tulikuwa na ndimu, malimau, maembe mabichi, ukwaju na siki. Ukali wa tindikali huzuia vijidudu vinavyoozesha chakula. Wenzetu wa Kihindi walituongezea elimu ya achari, na siki yenyewe Waislamu tunajua sifa yake kama kitoweo katika hadithi. Basi tukapata achari ya ndimu, achari ya maembe, na ile chatini ya nazi na pilipili bila ambayo urojo hauwi urojo.

Nyanda za juu za Kigoma walikuwa na kitu kingine: mawese. Mchikichi ni mti wa Afrika ya magharibi na kati. Ulienea mpaka fukwe za Ziwa Tanganyika, na mafuta yake mekundu yakawa ndiyo mafuta ya kupikia ya eneo lote lile. Richard Burton alipofika Ujiji mwezi Februari 1858 aliyakuta mawese yakiuzwa na kununuliwa kwa wingi, mazito kama asali kwa maelezo yake.

Sasa sikilizeni sayansi kidogo, maana ndiyo inayoeleza kwa nini pilipili ya mafuta ina nguvu namna ile. Kile kinachowasha ndani ya pilipili kinaitwa kapsaisini. Hakiyeyuki vizuri ndani ya maji, kinayeyuka ndani ya mafuta. Ndiyo maana ukiungua mdomo, maji hayakusaidii kitu, lakini maziwa yenye mafuta yake yanatuliza. Ukipika pilipili ndani ya mawese, moto wake unatoka kwenye nyama ya tunda na kuenea katika mafuta yote. Tone moja linatosha sahani nzima. Kwa nyumba yenye watu wengi na kitoweo kidogo, huo ni uchumi mkubwa.

Kwa nini inawasha, wanasayansi walikuja kuelewa juzi juzi. Mwaka 1997 timu ya David Julius huko Marekani iligundua kipokezi katika mishipa yetu ya fahamu ambacho huitikia kapsaisini na pia joto kali. Yaani ulimi unadanganywa, unaambiwa unaungua wakati hauungui. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Ndege wao hawana taabu hiyo, kipokezi chao hakisikii kapsaisini. Wanakula pilipili kichaa kama zabibu, wanaruka, wanadondosha mbegu kwenye kingo za mashamba na chini ya miti. Hivyo pilipili ilisambaa hata mahali ambapo hakuna mtu aliyeipanda.

Milango miwili ya Buha

Wilaya za Kasulu na Kibondo ni nchi ya Waha, Buha. Ni vilima vya kijani, baridi asubuhi, mvua kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka karibu na Mei. Zamani palikuwa na falme kadhaa. Heru ilikuwa upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu kaskazini, eneo ambalo leo ni Kakonko. Na tusisahau, sisi wanawake hasa, kwamba katika miaka ya mwisho ya ukoloni mtawala wa Heru alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare.

Nchi hii ina milango miwili. Mlango wa magharibi unatazama Ziwa Tanganyika, Burundi na Kongo, na huko ndiko mchikichi ulikotoka. Wareno walikuwa pia kwenye pwani ya Atlantiki, katika ufalme wa Kongo, tangu mwisho wa karne ya 15, kwa hiyo mimea ya Amerika iliingia Afrika ya kati kutoka upande huo vilevile. Mlango wa mashariki unatazama kwetu, kwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Neno pilipili linalotumika mpaka ndani ya Kongo lilisafiri na Kiswahili, na Kiswahili kilisafiri kwa njia hiyo.

Kwa hiyo katika kichupa kimoja cha pilipili ya mawese pande mbili za Afrika zimekutana: mafuta ya magharibi na jina la mashariki.

Lakini wapenzi wangu, tusiipambe njia ile. Misafara iliyobeba vitambaa na shanga kwenda Ujiji ilirudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa. Wengi wao waliishia hapa kwetu, mpaka soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873. Na wanawake waliotekwa bara ndio waliotwanga na kupika katika nyumba nyingi za matajiri. Tunapojisifu kwa mapishi ya visiwani tukumbuke ni mikono ya nani iliyoshika mchi.

Waha wenyewe hawakuwa watu wa kupitwa bure. Watawala wao walitoza hongo kila msafara uliokatiza nchi yao. Henry Morton Stanley, alipokuwa akimfuata Livingstone Ujiji mwaka 1871, alilipa vitambaa vingi mpaka akaona hatafika na kitu, akaamua kupenya usiku porini ili asilipe tena. Hii inatuonyesha kuwa Buha ilikuwa nchi yenye wenyewe, iliyochagua cha kupokea. Pilipili ikapokewa.

Chumvi, mawese na mke aliyebaki nyumbani

Pilipili peke yake haikai, lazima chumvi. Na hapa Kigoma ina utajiri wa kale kuliko yote niliyotaja. Uvinza, karibu na mto Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia wamekuta watu wakichemsha maji hayo tangu karne ya tano hivi. Hiyo ni karne nyingi kabla ya Columbus kuzaliwa! Familia zilikwenda wakati wa kiangazi, zikapiga kambi, zikachemsha, na chumvi ikasafirishwa kwa wenyeji wa pande zote, Buha ikiwemo.

Basi hesabuni nami. Chumvi inapanda kutoka Uvinza. Mawese yanapanda kutoka mabondeni na kando ya ziwa, kwa sababu michikichi inapenda joto. Pilipili iko nyuma ya nyumba, kichaka kimoja kinachozaa mwaka hadi mwaka bila kumwagiliwa. Vyote vitatu vinakutana kwa mwanamke, kwenye kinu chake.

Na mwanamke huyo mara nyingi alikuwa peke yake. Serikali ya kikoloni iliifanya Buha kuwa nchi ya kutoa vibarua. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na badala ya kuleta viwanda ikasaidia kuchukua wanaume. Waha waliandikishwa kwa wingi kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakikaa huko miaka. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa mbali.

Mke alibaki na shamba la muhogo, mahindi na maharage. Alilima, alivuna, alipika maharage leo na maharage kesho. Nani kati yetu hajui kazi ya kuwalisha watoto chakula kile kile kila siku bila wao kukichoka? Kichupa cha pilipili ndicho kilichobadilisha ladha. Bonge la ugali wa muhogo likichovywa kwenye maharage yenye tone la pilipili ya mawese linakuwa chakula kingine. Na mawese mabichi, kwa ule wekundu wake, yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Bibi hakulijua neno vitamini, lakini alijua mtoto aliyekula mawese haponzwi na macho ya usiku.

Kisha zikaja operesheni za vijiji. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo, kuanzia mwaka 1972, ambapo watu walihamishwa kutoka makazi yao ya kutawanyika vilimani wakapangwa kwenye vijiji. Ukihama unabeba kitanda, sufuria na mtoto. Kichaka cha pilipili hakibebeki. Lakini mbegu inakaa kwenye pindo la khanga, na mwaka wa pili unavuna.

Namna inavyotengenezwa, na sababu zake

Kuna tofauti za nyumba kwa nyumba, kama kila kitu cha jikoni, lakini msingi ni huu. Pilipili kichaa zilizoiva huoshwa na kuanikwa mpaka maji yote yakauke juu yake. Hutwangwa na chumvi, wengine huongeza vitunguu saumu. Mawese hupashwa moto, pilipili hutiwa, na hupikwa kwa moto mdogo mpaka ile sauti ya kuchemka itulie. Ikitulia maana yake maji yamekwisha. Ikipoa hutiwa kwenye chupa kavu, na mafuta lazima yafunike pilipili yote. Kijiko cha kuchotea nacho kiwe kikavu.

Kila hatua ina maana. Maji ndiyo adui, kwa sababu vijidudu haviongezeki bila maji. Mafuta yanazuia hewa. Lakini kuzuia hewa peke yake hakutoshi, maana kuna vijidudu vya hatari vinavyopenda pasipo hewa. Ndiyo sababu pilipili mbichi au vitunguu saumu vibichi visiachwe tu ndani ya mafuta kwa wiki nzima bila kupikwa. Wale bibi waliosisitiza sauti itulie kwanza walikuwa na haki yao.

Asubuhi ya baridi ya Kasulu mawese huganda chupani. Usishangae wala usiitupe. Iweke karibu na jiko, itayeyuka.

Wengine walivyotia jina kwenye chupa

Wakati haya yakiendelea kimya kimya, huko kwingine duniani pilipili ya chupa ilikuwa ikigeuka mali. Mwaka 1868, katika jimbo la Louisiana huko Marekani, Edmund McIlhenny alianza kuuza pilipili yake aliyoiita Tabasco. Mahali penyewe panaitwa Avery Island. Ni kilima kilichokaa juu ya mwamba wa chumvi, na pilipili inayosagwa huchanganywa na chumvi ya hapo hapo, ikalazwa kwenye mapipa ya mbao, kisha ikatiwa siki. Pilipili na chumvi ya nyumbani: mbona ni hadithi ile ile ya Buha na Uvinza? Tofauti ni kwamba yeye aliandika jina lake, akasajili, na ukoo wake unaendelea na biashara mpaka leo.

Kusini mwetu, Wareno wa Msumbiji walilichukua neno letu wakaliita piri-piri. Mwaka 1987 Fernando Duarte na Robert Brozin wakanunua mgahawa Johannesburg wa kuku wa ladha hiyo. Ndio Nando's, na leo Mwingereza anakula piri-piri London bila kujua kwamba neno lililomo mdomoni mwake ni la huku kwetu.

Jirani zaidi, Rwanda, Sina Gerard alianzisha biashara yake ya Urwibutso mwaka 1983 huko Nyirangarama. Kutokana nayo tukapata Akabanga, mafuta ya pilipili katika kichupa kidogo cha kudondoshea. Jina maana yake ni siri ndogo. Mbinu ya kutoa moto wa pilipili kwa mafuta ndiyo ile ile inayojulikana ukanda mzima, kutoka Kivu hadi Kasulu. Namheshimu sana, kwa sababu aliwaonyesha majirani kwamba pilipili ya mafuta inaweza kutoka kijijini ikapanda ndege.

Kwetu Tanzania tunazo pilipili za chupa za viwandani, kama za Dabaga ya Iringa, na ni vyema. Lakini ile nyekundu ya mawese ya Kigoma bado kwa kiasi kikubwa inauzwa kwenye chupa zilizokuwa za maji, bila karatasi, bila jina la aliyeipika.

Kambini: mgao bila pilipili

Sasa nifike mahali panaponiwasha.

Kasulu na Kibondo zinajulikana duniani kwa jambo moja zaidi, wakimbizi. Warundi walikimbilia Kigoma mwaka 1972, tena baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, na tena mwaka 2015. Wakongo walikuja kwa wingi vita vilipoanza mwaka 1996, na mwaka huo ndipo kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu. Baada ya mwaka 2015 Nyarugusu ilikuwa na watu zaidi ya 150,000, ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani. Kibondo ikapokea wengine Nduta.

Wengi wa waliofika hawakuwa wageni wa mbali kwa wenyeji. Kirundi na Kiha vinasikilizana. Wakongo wa Kivu ya Kusini walikuja na Kiswahili chao. Na wote walikuwa watu wa mawese na pilipili.

Mgao wa chakula hupangwa kwa hesabu. Shabaha ya kimataifa ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku: unga wa mahindi, maharage au dengu, mafuta ya kupikia, chumvi na unga wa uji wenye virutubisho. Ni hesabu ya kuokoa maisha, na imeokoa mengi. Anayestahili shukrani ashukuriwe. Lakini katika orodha hiyo hamna pilipili. Hamna ndimu, hamna kitunguu, hamna mawese mekundu. Mwanamke aliyezoea ugali wa muhogo anapewa mahindi, na anapaswa kuyapika vivyo hivyo mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Wako waliozaliwa Nyarugusu na sasa ni mama wa watoto.

Wanawake walifanya nini? Walifanya kile wanawake wanachofanya siku zote. Walipanda kwenye viroba na kwenye kipande cha ardhi kando ya nyumba. Walichukua sehemu ya unga wakaibadilisha sokoni na wenyeji kwa mboga, dagaa na viungo. Mtu wa ofisini anaweza kusema, mbona wanauza chakula cha msaada? Lakini jiulize wewe mwenyewe, ungewapa wanao dengu zisizo na ladha kwa miaka 10? Kuna njaa ya tumbo, na kuna kule kutaka chakula chako kifanane na chakula cha nyumbani. Mama aliyetoa kibaba cha unga kupata pilipili alikuwa anawaambia wanawe kwamba bado wana kwao.

Masoko hayo ya pamoja yaliwafaa pande zote mbili. Mkulima wa Kasulu na wa Kibondo alipata mteja mlangoni. Lakini mkimbizi haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, na kuanzia mwaka 2018 masoko hayo yalibanwa, mengine yakafungwa. Mgao nao ulipunguzwa kwa uhaba wa fedha za wafadhili, mwaka 2017 na tena mwaka 2023. Soko likifungwa, kinachotoweka kwanza sahanini ni kile kisichohesabiwa katika kalori.

Kwa hiyo yatuwashia hili

Dada zangu, historia ya pilipili ni historia ya watu waliopokea kitu kigeni wakakifanya chao kwa akili ya jikoni. Sisi tuliifanya yetu kwa ndimu. Waha, Warundi na Wakongo waliifanya yao kwa mawese. Hakuna aliyewapa leseni wala cheti. Elimu hiyo ilipita kwa mama kwenda kwa binti, kwa macho na kwa masikio, kwa ile sauti ya maji yanapokauka ndani ya mafuta. Elimu ya namna hii haipotei kwa kishindo. Inapotea pale binti anapoona chupa ya dukani ni ya kisasa na ya mama ni ya kishamba. Na inapotea pale mama anapokosa hata pilipili ya kumfundishia.

Tunaweza kufanya yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza, muulize mama au bibi yako namna anavyotengeneza pilipili yake au achari yake, na uandike vipimo, hata kama kipimo chake ni konzi na kibaba. La pili, ukimwona mama anauza pilipili ya mawese, awe Kigoma, Kariakoo au Darajani, mnunulie kwa bei yake. Usimkatie bei kwa sababu tu chupa yake haina karatasi. Na kwa wale wenye vikundi vya akina mama, njia ipo: SIDO huwaandikia wajasiriamali wadogo barua ya utambulisho ili TBS iwapime na kuwapa alama ya ubora. Mwanamke wa Kasulu anastahili jina lake kwenye chupa kama McIlhenny wa Louisiana.

La tatu ni kwa wale wetu wanaofanya kazi kwenye mashirika na ofisi zinazopanga misaada. Mkikaa na orodha zenu, muulizeni mwanamke anayepika, si idadi ya watu wa kaya yake tu, bali anapika nini kwao. Mbegu za pilipili hazichukui nafasi kwenye lori.

Nami nina swali kwenu. Kwenu pilipili mnaitunza kwa nini: ndimu, embe, siki, nazi, au mafuta? Na nani alikufundisha? Ukimtaja, mtaje kwa jina lake, na kama bado yu hai mpigie simu leo umuulize tena.